Beta Aliyekataa Kula: Kisa cha Samaki wa Saluni Mjini Goma

Samaki mwenyewe ni beta dume, aina ya samaki mdogo wa mapambo, mwekundu, mwenye mkia mrefu. Alitoka Kampala kwa basi akiwa ndani ya mfuko wa plastiki, akavuka mpaka, akafikia kwenye saluni ya kusuka nywele huku Himbi, mtaa wa Goma. Mama mwenye saluni alimweka ndani ya chombo cha maua cha kioo kinachobeba kama lita 3, juu ya meza ile ile wanayokaa wateja, mbele ya kioo kikubwa cha kujitazamia. Wateja walimpenda sana. Watoto walikuwa wanasimama mlangoni ili wamwone akitanua mapezi.

Niliitwa kwa sababu moja tu: samaki alikuwa amekataa kula. Alipewa punje za chakula zilizokuja naye, akazitema. Akapewa mkate, akaugusa kisha akauacha. Mteja mmoja akashauri yai la kuchemsha, mwingine akaleta fretini kavu, wale dagaa wadogo, iliyosagwa. Nilipofika, maji yalikuwa na ukungu mweupe na harufu ya kuchacha. Msichana mmoja wa kusuka akaniambia, "Papa, huyu samaki amechoka na chakula cha dukani. Tumtafutie gani?"

Swali hilo naliheshimu, kwa sababu ndilo karibu kila mwenye beta huanza nalo. Mnyama asipokula, tunabadilisha sahani. Lakini katika kisa hiki chakula kilikuwa jambo la mwisho kabisa, na kila sahani mpya ilikuwa inamsogeza samaki karibu na kifo. Nitaeleza kwa nini, na kwa nini mpangilio wa matengenezo ulikuwa na uzito kuliko matengenezo yenyewe.

Kwanza nilimtazama kwa juu. Ukimtazama beta kwa ubavuni unaona rangi na mapezi, ila kwa juu ndiko unakoona tumbo na magamba. Tumbo lilikuwa limevimba pande zote mbili, lakini magamba yalilala vizuri mwilini. Hiyo ilinipa matumaini. Magamba yakisimama mwili mzima, samaki akaonekana kama koni ya msonobari, maana yake viungo vya ndani vimeshindwa kutoa maji mwilini, na hapo wachache mno hupona. Huyu alikuwa amefungwa tumbo, hajaharibika figo. Mapezi yalikuwa yamebanwa mwilini, rangi imepauka kuelekea waridi, na ncha za mkia zilikuwa zimechanika. Alilala chini, akapanda juu kuvuta hewa, akashuka tena taratibu.

Kuvuta hewa si dalili ya ugonjwa kwa beta. Kwao ni Thailandi na nchi za jirani, kwenye mashamba ya mpunga, mifereji na madimbwi yenye majani mengi, maji ya moto yasiyo na oksijeni nyingi. Kwa hiyo ana kiungo juu ya matamvua kinachoitwa labirinti, kinachomwezesha kupumua hewa ya juu ya maji. Ndiyo maana anavumilia chombo kidogo ambacho samaki wengine wangefia humo kwa siku moja. Uvumilivu huo ndio unaomponza. Watu wanaona hafi, wanadhani anaishi vizuri. Na kuna jambo ambalo husahaulika: hewa anayoivuta inapaswa kuwa na joto linalokaribia lile la maji. Goma iko kwenye kimo cha kama mita 1,500, na alfajiri ya huku si alfajiri ya Bangkok. Chombo cha maua hakina kifuniko. Usiku kucha samaki huyu alikuwa anapanda kuvuta hewa ya baridi.

Nilipima maji asubuhi kabla saluni haijapata joto la watu na mashine za kukaushia nywele. Nyuzi 18. Mchana, jua likipiga mlango, yalifika 22, kisha yakashuka tena. Beta anahitaji 24 hadi 28, na kwangu 26 ndiyo ya kulenga. Mwili wa samaki hauna joto lake wenyewe, hutumia joto la maji. Maji yakipoa, tumbo husaga chakula polepole mno, na hamu ya kula hupungua. Kwa hiyo alipotema zile punje za kwanza mwili wake ulikuwa unasema kweli: kilichomo tumboni hakijasagika. Akalazimishiwa mkate juu yake. Mkate ni wanga unaovimba ukilowa, na beta ni mla wadudu, utumbo wake ni mfupi. Tumbo likafunga.

Halafu kioo. Dume la beta likiona sura yake linaamini kuna dume jingine limeingia eneo lake. Hutanua mapezi, hufungua vifuniko vya matamvua, hujikunja, husukuma. Dakika chache za hivyo hazimdhuru beta mwenye afya. Hapa alikuwa anapigana tangu saluni ifunguliwe hadi ifungwe, na adui hakuwahi kukimbia wala kushindwa. Kutanua hivyo kunakula nguvu na oksijeni. Sasa jaribu kuweka hesabu pamoja: samaki anatumia nguvu nyingi mchana, hawezi kusaga chakula kwa sababu ya baridi, na usiku hapati joto la kumrudisha. Kile ambacho watoto walikuja kukishangilia mlangoni ndicho kilichokuwa kinammaliza. Sikusema hivyo mbele ya watoto, lakini mama mwenye saluni nilimwambia wazi, naye akanyamaza kwanza, kisha akauliza kama angeweza kukigeuza chombo siku hiyo hiyo.

Kulikuwa na mengine madogo. Spika ya muziki ilikuwa kwenye meza ile ile, na samaki husikia mtikisiko kwa mstari wa hisia uliopo ubavuni mwake. Spreyi za nywele zilikuwa zimetua juu ya maji zikafanya utando mwembamba, pale pale anapovutia hewa. Rangi za nywele nyingi zina amonia, na harufu yake haichagui pua ya mtu.

Ila hatari kubwa kuliko zote ilikuwa ndani ya maji, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu jambo hili ni letu sisi wa ukingo wa Kivu na maelekezo mengi ya kufuga beta hayaligusi.

Maji ya bomba ya Goma yanavutwa ziwani. Ziwa Kivu si ziwa la kawaida. Volkano zimelijaza chumvi za bikaboneti, za sodiamu na magnesi, na maji yake ya juu yana pH, yaani kipimo cha asidi au alkali, ya karibu 9. Kwa sambaza, dagaa wa ziwa hili, hilo si tatizo, wamelizoea tangu walipoletwa kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960. Kwa beta, ambaye maji ya kwao yana pH ya karibu 7, ni kingo za uvumilivu wake. Mwenyewe angeweza kuzoea maji ya alkali kama yangekuwa safi na ya moto. Lakini hayakuwa safi.

Chakula kikioza, na samaki akijisaidia, hutoka amonia. Amonia majini iko katika sura mbili zinazobadilishana: moja haina madhara makubwa, nyingine ni sumu inayounguza matamvua. Kinachoamua ipi iwe nyingi ni pH na joto. Kwenye nyuzi 25, maji yakiwa na pH 7, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5. Kwenye pH 9 ni zaidi ya theluthi moja. Kipande cha mkate ambacho kingemkera tu beta wa mahali penye maji laini, hapa Goma kinakuwa sumu.

Karatasi ya kupimia ilionyesha pH kati ya 8.5 na 9, na matone ya kupimia amonia yalisoma miligramu 1 kwa lita. Tuchukue pH ni 8.8. Kwa baridi ile ya nyuzi 18, karibu moja ya tano ya amonia hiyo ilikuwa ya sumu, yaani kama miligramu 0.2. Matamvua huanza kuharibika kwenye 0.05.

Sasa angalia mtego uliopo. Mtu mwenye nia njema angeona baridi, akakimbilia hita. Angepandisha maji yale yale machafu hadi 26, na sehemu yenye sumu ingepanda kutoka kama asilimia 18 hadi kama 28. Samaki aliyedhoofika angepata nusu ya sumu juu ya ile aliyokuwa nayo, wakati huo huo joto likiamsha mwili wake upumue zaidi. Angekufa ndani ya maji ya moto, na watu wangesema hita imemuua. Kwa hiyo: kioo kwanza, kwa kuwa hakigharimu chochote, maji pili, joto tatu, chakula mwisho. Mpangilio huo sikuubadilisha hata mama alipokuwa na wasiwasi kwamba samaki atakufa njaa. Beta mzima aliyekomaa anaweza kukaa wiki nzima bila kula. Hawezi kukaa wiki ndani ya sumu.

Chombo kilihamishiwa siku ile ile kwenye rafu ya ndani, mbali na kioo, spika na spreyi, na tukakizungushia kipande cha kitenge pande tatu. Kufikia jioni mapezi yalikuwa hayajabanwa tena kama asubuhi. Jambo hilo peke yake liliwashangaza wasichana wa saluni: samaki hakupewa chochote, aliondolewa tu kitu.

Kwenye maji hatukumwaga yote. Tuliondoa mabaki yote ya chakula kwa mpira mwembamba, tukatoa theluthi ya maji, tukarudisha kiasi hicho hicho, na kurudia asubuhi na jioni. Mwanzoni maji mapya yalikuwa ya bomba yaliyochanganywa na maji safi ya kunywa ya chupa, baadaye ya chupa yakawa mengi zaidi. Maji ya bomba yalikaa kwanza usiku na mchana ndani ya beseni pana bila kifuniko ili klorini itoke. Hilo la klorini lisipuuzwe Goma. Kipindupindu kikitajwa, dawa huongezwa, na pale ukingoni mwa ziwa ambapo watu huchota kwa bidoni, yaani madumu ya plastiki, klorini hutiwa kwa mkono bidoni kwa bidoni, hivyo bidoni mbili za siku moja zinaweza kuwa na nguvu tofauti. Kwa binadamu hiyo ni uhai. Kwa matamvua ni moto. Kama harufu ya dawa bado inasikika, maji hayajawa tayari.

Mama mwenye saluni aliuliza kuhusu maji ya mvua, maana nyumba nyingi huku huyakinga kwa mabati. Nilimkatalia. Moshi wa volkano ya Nyiragongo huangusha asidi na floridi ndani ya mvua, kwa wingi unaotegemea upepo wa siku hiyo, na sitaki samaki mgonjwa awe kipimo. Aliuliza pia kuhusu majani. Wafugaji wa Asia huweka majani makavu ya mti wa mkungu, yanayotoa rangi ya chai na kushusha pH kidogo. Jani la mpera lililokauka vizuri linaweza kufanya kazi inayofanana, nami napenda liwepo kwa sababu samaki hupata pa kulalia. Lakini kwa maji ya Kivu jani haliwezi kushusha pH. Bikaboneti ni nyingi mno. Hata kuchanganya nusu kwa nusu na maji ya chupa huishusha kidogo tu. Tulipofika sehemu moja ya bomba kwa nne za chupa ndipo karatasi ilipokaribia 8. Hatukufika huko kwa pupa, kwa kuwa mabadiliko ya ghafla ya chumvi nayo ni mshtuko. Na maji matupu ya chupa peke yake sikuyataka: mengi yake hayana chumvi za kutosha, na pH hubaki bila kitu cha kuishika.

Wakati huo fundi wa madirisha ya alumini alikuwa anatengeneza tangi la lita 20. Mafundi hawa wanaweza kazi hiyo vizuri, vioo wanavyo na mikono wanayo. La kusisitiza ni silikoni. Ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu ni sumu kwa samaki. Inatakiwa ya kawaida, ile yenye harufu ya siki, na iachwe ikauke siku kadhaa hadi harufu iishe, kisha tangi lijazwe na kumwagwa kabla samaki hajaingia. Likawekewa kifuniko cha kioo chenye upenyo mdogo, hewa ya juu ibaki na joto na unyevu, na spreyi isiingie. Kichujio ni cha sponji kinachosukumwa na hewa, kwa nguvu ndogo kabisa. Mkia mrefu wa beta ni mzigo, mkondo mkali humchosha kuogelea.

Ubora mkubwa wa tangi hilo ni wingi wa maji. Lita 3 zinapoa kabla umeme haujarudi. Lita 20 zinachelewa. Hita ya wati 50 yenye kidhibiti joto ilitosha, ila kila mtu wa Goma anajua hita ni nusu ya jibu. Tulibandika povu gumu jeupe, lile la kufungia televisheni, nyuma, chini na pembeni. Umeme ukikatika usiku, mlinzi hufunika tangi kwa blanketi na kuacha ielee juu ya maji chupa ya plastiki iliyofungwa vizuri yenye maji ya moto. Maji ya moto hayamwagwi ndani hata siku moja. Joto lilipandishwa kwa nyuzi moja au mbili kila siku hadi 26, baada ya kipimo cha amonia kuonyesha sifuri.

Hapo ndipo tulipozungumza chakula.

Tumbo lilikuwa limeanza kupungua lenyewe kwa joto na njaa. Wengi hushauri njegere iliyochemshwa na kumenywa. Mimi siiamini sana kwa mla wadudu. Nilileta dafnia, wale viroboto wa maji, ambao maganda yao magumu hayasagiki na husukuma utumbo. Samaki alimtazama wa kwanza, akasogea, akammeza. Wasichana walipiga makofi, mama mwenye saluni akawanyamazisha kwa mkono samaki asije akashtuka. Kesho yake kulikuwa na kinyesi kirefu sakafuni mwa tangi, na nakiri kwamba mtu mwenye samaki anaweza kufurahi kwa jambo kama hilo.

Kisha tukarudi kwenye zile zile punje alizokuwa anazitema. Alizila. Hazikuwa mbaya: kiungo cha kwanza kilichoandikwa kwenye kopo kilikuwa unga wa samaki, si ngano, na hicho ndicho cha kusoma kabla ya kununua. Sasa hupewa punje 3 asubuhi na 3 jioni, ndogo, zilizoloweshwa kwanza ndani ya kijiko cha maji ya tangi ili zivimbe nje ya tumbo. Mfugaji hupimia kwa jicho la samaki: mlo mmoja usizidi sana ukubwa wake. Kisichomezwa ndani ya dakika mbili au tatu hutolewa. Mara mbili kwa wiki hupata kitu hai, dafnia au viluwiluwi vya mbu. Viluwiluwi nilivipa sharti. Mji huu una malaria. Ndoo ya kuvikuza lazima ifunikwe kwa neti, na vyote vivuliwe vikiwa vidogo kabla havijajikunja kuwa pupa, hatua ya mwisho kabla ya kuruka kama mbu. Asiyeweza kulisimamia hilo kila siku anunue artemia iliyokaushwa, vijidudu vidogo mno vya jamii ya kamba wa maji ya chumvi, ailoweshe, aachane na mbu.

Fretini niliikataa kabisa. Unga wake hutawanyika, mafuta yake hutanda juu, na nyingine hutiwa chumvi. Mkate na yai vilevile.

Shida iliyobaki ilikuwa watu. Mteja mwenye biskuti mkononi humwona samaki akija mbele ya kioo cha tangi, anadhani anaomba. Beta huomba daima. Mama mwenye saluni alilitatua kwa njia ambayo mimi nisingeifikiria: kopo la chakula liko ndani ya droo yake, msichana mmoja ndiye mwenye kazi ya kulisha, na mteja akitaka kumfurahia anaruhusiwa kuzima na kuwasha taa ndogo ya tangi kwa wakati uliopangwa. Jumapili saluni hufungwa, na siku hiyo samaki hafungui kinywa. Mfungo wa siku moja kwa wiki humfaa, kwa hiyo ratiba ya kanisa na ya tumbo lake zimekutana.

Ncha za mkia zimeanza kuota tena. Ngozi mpya huja ikiwa angavu kama plastiki nyembamba, rangi huingia baadaye, na mtu asidhani ni ugonjwa. Kichujio bado kichanga: bakteria wanaokula amonia huhitaji wiki nne hadi sita kujaa kwenye sponji, na sponji haioshwi kwa maji ya bomba yenye klorini, bali kwenye ndoo ya maji yaliyotolewa tangini. Mpaka hapo, kipimo cha amonia kinafanywa siku moja na kuruka nyingine, na robo ya maji hubadilishwa kila kikionyesha chochote juu ya sifuri.

Swali la mwisho alilonipa mama lilikuwa lile ambalo kila mtu wa mji huu analo: na milango ikifungwa siku nyingi bila kutegemea? Nilimwambia asimwage chakula cha akiba, hata kidogo, kwa sababu ndicho kitakachomuua kabla ya njaa. Atoe robo ya maji, arudishe safi, afunge povu na blanketi, azime taa, aondoe kioo kidogo cha mkono anachopenda kukiacha kwenye rafu, na aondoke. Akirudi, kipimo cha amonia kitangulie. Punje zibaki kwenye droo hadi maji yafike 24.